Ofa tatu za uzamivu wa kemia: kisa cha mwombaji aliyevutwa na posho kubwa

Mwombaji ana shahada ya kwanza ya kemia na uzoefu wa miaka miwili katika maabara ya usanisi wa kikaboni. Yuko nje ya Marekani, anataka kusomea uzamivu huko, na fani inayomvuta ni vichocheo vya metali: paladi, nikeli na jamaa zao. Desemba alituma maombi manane. Kufikia katikati ya Machi alikuwa na ofa tatu mkononi, vyuo vinne vilikuwa vimemkatalia, na kimoja kilikuwa bado kimya. Ofa hizo tutaziita A, B na C. Kisa kimeundwa kwa kuunganisha hali zinazojirudia kwa waombaji wengi, kwa hiyo viwango vya posho na kodi ya nyumba ni vya mfano. Kanuni, tarehe rasmi na kemia yenyewe si za mfano.

Swali alilotuletea kama washauri wake lilikuwa fupi. B wanatoa dola 44,000 kwa mwaka, A wanatoa 33,000, na jina la B linajulikana hata na watu wasiojua kemia. Kuna sababu gani ya kutokwenda B?

Sababu ipo, tena si moja. Ila nyingi zilikuwa zimeshajichomeka ndani ya maombi yenyewe tangu Septemba, kwa hiyo tunaanzia huko.

Kilichofanyika kabla ya Desemba

Pesa za kwanza zilipotea kwenye mitihani. Mwombaji alilipa dola 220 kufanya GRE ya jumla, mtihani wa kupima waombaji wa shahada za juu Marekani, kisha akagundua kwamba kati ya vyuo vyake vinane, sita havikuitaka kabisa na viwili viliiacha iwe hiari. Idara nyingi za kemia zimeachana nayo. GRE ya somo la kemia ilifutwa mwaka 2023, ila vitabu vyake vya mazoezi vingali vinazunguka, na bado kuna watu wanaokesha navyo. Kabla ya kulipia mtihani wowote, fungua ukurasa wa udahili wa idara ya kemia yenyewe. Ukurasa wa jumla wa chuo mara nyingi huwa nyuma ya wakati, na ukipingana na wa idara, mwandikie mratibu wa idara upate jibu la maandishi.

Ada ya maombi huzunguka dola 75 hadi 100 kwa vyuo vingi. Ukizidisha kwa nane, si pesa ndogo. Idara nyingi zina namna ya kuisamehe lakini hazilitangazi jambo hilo kwa herufi kubwa. Anayeombwa ni mratibu wa udahili wa idara, na ombi liende kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma, kwa sababu ukishalipa hairudi. Mwombaji wetu alisamehewa mara mbili kati ya nane, na mara hizo mbili ndizo pekee alizouliza.

Vivyo hivyo kwa nakala za matokeo. Vyuo vingi huridhika na nakala iliyoskaniwa wakati wa kuomba, halafu hutaka nakala rasmi baada ya kukudahili. Huduma za kutathmini vyeti vya nje hutoza pesa nyingi, na idara chache tu huzidai mapema. Yeye alilipia moja ambayo haikuhitajiwa na chuo hata kimoja kati ya vile vinane.

Mtihani wa Kiingereza ni jambo jingine, huo haukwepeki kirahisi. Matokeo ya TOEFL na IELTS huishi miaka miwili tu, na kinachosahaulika ni alama ya kuongea. Mwaka wa kwanza wa uzamivu wa kemia kwa kawaida hulipwa kupitia ualimu msaidizi: unasimamia wanafunzi wa shahada ya kwanza maabarani, unasahihisha ripoti, unajibu maswali. Idara isiyoruhusiwa kukuweka mbele ya darasa haina pesa ya kukulipa, hata kama alama yako ya jumla ni nzuri. Kukataliwa kimoja kati ya vinne tunakihusisha na hapo: alama ya jumla ilivuka kiwango, ya kuongea ilipungua.

Barua za mapendekezo zilikuwa tatu. Mbili zilitoka kwa watu waliomwona akifanya kazi maabarani, na ya tatu kwa mhadhiri aliyemfundisha somo moja. Barua ya namna hiyo husema mwanafunzi alipata A, alihudhuria vizuri na ana heshima. Kamati ya udahili inayajua hayo tayari kwenye nakala ya matokeo. Barua inayobeba uzito husema alifanya nini kitu kilipokataa: alirudia jaribio mara ngapi, alibadilisha nini, alijua lini aache. Mtafiti wa baada ya uzamivu aliyesimama naye kila siku kwenye dohani, lile kabati la maabara linalofyonza mvuke wa kemikali, ana habari hizo kuliko profesa, kwa hiyo njia nzuri ni wawili hao waandike barua moja na kuitia saini pamoja. Mwandishi apewe wiki sita, pamoja na ukurasa mmoja unaomkumbusha miradi na tarehe. Kiungo cha kupakia barua hutumwa na mfumo, sio na wewe, na huishia kwenye barua taka mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Barua moja ya mwombaji wetu ilichelewa siku nne kwa sababu hiyo tu.

Aya iliyomfungulia mlango

Rasimu ya kwanza ya maelezo ya malengo ilianza na utotoni na jinsi rangi za kemikali zilivyomshangaza. Kamati husoma mamia ya kurasa zenye utotoni ndani yake. Aya iliyobakia kwenye rasimu ya mwisho, tukiiweka kwa Kiswahili, ilisema hivi:

"Lengo lilikuwa kuunganisha piridini, kupitia kaboni yake ya pili, na pete nyingine ya aromatiki kwa mmenyuko wa Suzuki. Mavuno yalikwama kwenye 18%. Nilipochunguza mchanganyiko kwa kromatografia ya gesi na spektrometri ya masi, nilikuta pete ya piridini isiyo na boroni: asidi ya boroniki ilikuwa ikipoteza kundi lake la boroni ndani ya besi ya moto kabla haijapata nafasi ya kuungana. Nilihamia kwenye mmenyuko wa Negishi kwa kitendanishi cha zinki. Mavuno yalifika 61%, lakini kazi yote ikalazimika kufanywa pasipo maji wala hewa, chini ya naitrojeni."

Suzuki na Negishi ni njia mbili za kuunganisha kaboni na kaboni kwa kichocheo cha metali, ya kwanza kwa boroni na ya pili kwa zinki. Tatizo alilokutana nalo linajulikana. Asidi za boroniki za piridini kwenye nafasi ya pili zina sifa mbaya ya kujivua boroni, na mwanakemia yeyote anayefanya miunganiko ya aina hiyo amekutana nalo. Kwa hiyo aya haidai ugunduzi. Inachoonyesha ni mpangilio wa mawazo: dalili, kipimo kilichochaguliwa, sababu, dawa, na kasoro ya dawa. Mistari michache kama hiyo inampa profesa sababu ya kukuita kwenye mahojiano ya video, na kila alipohojiwa mwombaji aliulizwa kuhusu zinki, wala si kuhusu alama zake.

Palipoharibika ni aya ya mwisho, ile ya kueleza kwa nini idara hii. Kwa A alitaja maprofesa watatu na kueleza swali analotaka kufanya na kila mmoja. Kwa B alitaja mmoja tu, mwenye jina kubwa, kwa sifa ndefu. Hapa kuna jambo la msingi ambalo watu waliozoea mifumo ya Ulaya hulikosa. Katika sehemu kubwa ya Ulaya profesa hutangaza nafasi na kumwajiri mwanafunzi wake moja kwa moja. Marekani, idara nyingi za kemia ndizo zinazodahili, na profesa huchaguliwa baadaye, aghalabu kati ya Oktoba na Desemba ya mwaka wa kwanza, baada ya mwanafunzi kukutana na maprofesa kadhaa na kuwasilisha orodha yake ya mapendeleo. Baadhi ya idara humzungusha kwanza kwenye maabara mbili au tatu, wiki kadhaa kila moja. Barua ya udahili kutoka B, kwa hiyo, haikuwa nafasi kwenye kundi la profesa mwenye jina kubwa. Ilikuwa ruhusa ya kwenda kugombea nafasi hiyo akiwa ameshafika.

Dola 11,000 zilipokwenda

A walitoa 33,000 kwa miezi 12, ada ya masomo imesamehewa, bima ya afya imelipwa, ila kuna tozo za chuo 1,200 kwa mwaka. Chumba katika nyumba ya kushirikiana karibu na chuo ni 850 kwa mwezi.

B walitoa 44,000 kwa miezi 12, hakuna tozo, bima imelipwa. Chumba cha hali ileile ni 1,900 kwa mwezi.

C walitoa 24,000 kwa miezi tisa. Kuhusu miezi ya kiangazi barua ilisema malipo "yanatarajiwa kutegemea upatikanaji wa fedha". Tozo ni 2,100, sehemu ya bima anayolipa mwanafunzi ni 1,300, na chumba ni 700.

Ukitoa tozo na kodi ya nyumba kwa A, kinachobaki ni 21,600 kwa mwaka, sawa na 1,800 kwa mwezi. Kwa B kinabaki 21,200, yaani kama 1,767 kwa mwezi. Pengo la dola 11,000 limekwisha, tena limegeuka upande wa pili kwa dola 400. Na bado kodi ya mapato haijakatwa: posho ya B ni kubwa zaidi, basi hata kodi yake ya serikali kuu itakuwa kubwa zaidi, wakati kodi ya nyumba haipungui kwa ajili hiyo. Mwanafunzi wa viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, kwa kawaida hakatwi michango ya hifadhi ya jamii katika miaka mitano ya kwanza ya kalenda, lakini kodi ya mapato hulipa popote aendako, iwe A, B au C.

Kwa C kinabaki 12,200, sawa na 1,017 kwa mwezi. Shida ya C haiishii kwenye kubana matumizi. Ili chuo kitoe fomu ya I-20, ambayo bila hiyo hakuna maombi ya viza ya F-1, lazima kuwe na ushahidi wa fedha za kutosha gharama za mwaka wa kwanza kwa makadirio ya chuo chenyewe. Posho ya miezi tisa ikipungukiwa na makadirio hayo, tofauti inatakiwa ionyeshwe kwenye akaunti ya benki ya mwombaji au ya mdhamini. Waombaji wengi hulijua hili Mei, wakati ofa nyingine zimeshakataliwa.

Kuna na pengo la mwanzoni, ambalo barua za ofa hazilitaji. Masomo huanza katikati ya Agosti na malipo ya kwanza huweza kufika mwishoni mwa Septemba. Katikati hapo kuna nauli, ada ya dola 350 ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni), ada ya viza, amana ya nyumba na kodi ya mwezi wa kwanza. Kwa B, amana pamoja na mwezi wa kwanza ni 3,800 kabla mtu hajanunua godoro. Baadhi ya idara hutoa mkopo mdogo au fedha za kuhamia kwa anayeomba.

Nani atakuwa na nafasi Desemba?

Hili ndilo swali lililoamua kisa, na linajibika kwa kiasi kikubwa bila kumuuliza mtu yeyote.

Kwenye tovuti ya B palikuwa na maprofesa watatu wa vichocheo. Wa kwanza ndiye yule mwenye jina. Orodha ya kundi lake ilikuwa na watu 25, na zaidi ya nusu walikuwa watafiti wa baada ya uzamivu. Ukihesabu wanafunzi kwa mwaka wa kuingia, ilionekana anachukua mmoja au wawili kila mwaka. Kwenye siku ya kutembelea idara kwa njia ya video, wadahiliwa sita walimtaja kama chaguo lao la kwanza. Wa pili hakuwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wala wa pili, na waliobaki wote walikuwa wakikaribia kumaliza. Profesa anayejiandaa kustaafu huonekana hivyo miaka miwili kabla ya tangazo lolote. Wa tatu alikuwa bado ameandikwa chini ya vichocheo, lakini makala zake za miaka mitatu ya mwisho zilikuwa za betri. Kwa ufupi, B ilikuwa na mlango mmoja, na foleni mlangoni.

Ukaguzi wa pesa za utafiti nao ni wa wazi. Ruzuku za NSF, wakfu wa taifa wa sayansi wa Marekani, zinatafutwa kwenye NSF Award Search; za NIH, taasisi za taifa za afya, kwenye NIH RePORTER. Zote mbili ni bure. Andika jina la profesa, angalia kichwa cha mradi, kiasi, na hasa tarehe ya mwisho. Ruzuku ya kawaida ya NSF huwa ya miaka mitatu. Ile ya CAREER, kwa maprofesa wasaidizi, ni ya miaka mitano. R01, ruzuku kuu ya utafiti ya NIH, ni ya miaka minne au mitano. Ruzuku iliyoisha mwaka jana bila nyingine kuonekana haimaanishi maabara imefilisika, kwani kuna fedha za Wizara ya Nishati, za kampuni na za kuanzishia maabara. Lakini inakupa haki ya kuuliza. Pesa zikikauka, mwanafunzi hafukuzwi. Hurudishwa kwenye ualimu msaidizi, hadi saa 20 kwa wiki, mwaka wa nne na wa tano, wakati alipaswa kuwa anakamilisha majaribio. Saa hizo 20 ndizo mwisho anaoruhusiwa mwenye F-1 kufanya kazi chuoni wakati wa muhula, kwa hiyo hawezi kuziba pengo kwa kibarua kingine.

A walikuwa na watatu. Profesa kamili mwenye wanafunzi 11 na ruzuku mbili zinazoendelea, mojawapo hadi miaka minne mbele. Wa kati, anayefanya nikeli na umeme, mwenye wanafunzi saba. Na profesa msaidizi wa mwaka wa tano mwenye CAREER. Kwa huyu wa mwisho hesabu ya muda ni muhimu: uamuzi wa kumpa ajira ya kudumu kwa kawaida hufanyika karibu na mwaka wa sita, hivyo ungejulikana mwombaji akiwa mwaka wa kwanza au mwanzoni mwa wa pili. Asipoipata, mwanafunzi bado ana muda wa kuhamia kundi jingine bila kupoteza kazi ya miaka.

C ilikuwa na mmoja, profesa msaidizi wa mwaka wa pili, ambaye mada yake ililingana na mwombaji kuliko mtu mwingine yeyote katika vyuo vyote vinane. Maabara mpya ina raha yake: profesa yupo maabarani mwenyewe, vifaa ni vipya, na makala za kwanza zitakuwa na jina lako mbele. Ina pia karaha yake, maana mwaka mzima unaweza kuishia kwenye kufunga pampu na kutafuta mvujo kwenye glavuboksi, sanduku lisiloingiza hewa linalofanyiwa kazi kwa glavu. Na hapa saa inagonga vibaya. Uamuzi wa ajira yake ungeangukia mwaka wa nne wa mwanafunzi. Profesa akinyimwa, kwa kawaida hupewa mwaka mmoja wa kumalizia kisha anaondoka, na mwanafunzi anabaki na tasnifu robo tatu na hakuna kundi jingine la vichocheo la kumpokea. Tungekuwa na idara yenye maprofesa watatu wa fani hiyo, tungempendekeza profesa huyu bila kusita. Akiwa peke yake, hapana.

Wanafunzi walisema nini, na hawakusema nini

Mwombaji alizungumza na wanafunzi wawili hadi watatu wa kila idara, profesa akiwa hayupo. Swali la "unaipenda idara?" halizai kitu, kila mtu huipenda mbele ya mgeni. Lililozaa lilikuwa hili: katika miaka mitatu iliyopita, ni nani aliyeondoka kwenye kundi lenu kabla ya kumaliza, na alikwenda wapi? Kwa A walitaja mmoja, wakaeleza kwamba alihamia kemia changanuzi kwenye jengo hilohilo. Kwa B kulikuwa na kimya kirefu, kisha jibu kwamba "watu huondoka kwa sababu zao binafsi".

Kimya si ushahidi, kwa hiyo alikagua tasnifu. Vyuo huziweka kwenye hazina zao za mtandaoni, zikiwa na jina la msimamizi na mwaka. Ukilinganisha na mwaka mwanafunzi alipoanza, unaopatikana kwenye ukurasa wa zamani wa kundi au kwenye wasifu wake wa kazi, unapata muda halisi. Tasnifu nane za mwisho za kundi kubwa la B zilichukua kati ya miaka sita na saba. Za makundi mawili makubwa ya A zilichukua mitano hadi mitano na nusu. Mwaka mmoja wa ziada wa posho badala ya mshahara wa kiwandani unaweza kuzidi tofauti zote za barua za ofa tulizozipigia hesabu hapo juu.

Aliuliza pia kuhusu mtihani wa mwaka wa pili unaoamua kama mtu anaendelea na uzamivu au anaondoka na shahada ya uzamili: unarudiwa mara ngapi, nani yuko kwenye jopo, na wangapi walishindwa mwaka uliopita. Idara zote tatu zilijibu vizuri, kwa hiyo hapo hapakuwa na tofauti ya maana.

Palipokuwa na tofauti ni usalama, na waombaji wengi huliruka hili kwa kuona haya. Mwaka 2008, katika maabara ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), msaidizi wa utafiti Sheri Sangji alikuwa akihamisha tert-butililithi kwa bomba la sindano. Pistoni ilichomoka, kimiminika kikawaka kilipokutana na hewa, na hakuwa amevaa koti la maabara. Alifariki Januari 2009. Mwaka 2010, katika chuo kikuu cha Texas Tech, mwanafunzi wa uzamivu alipoteza vidole vitatu kampaundi ya nikeli hidrazini perkloreti ilipolipuka. Kiasi kilichotengenezwa kilikuwa kama gramu 10 wakati kikomo walichokusudia maabarani kilikuwa miligramu 100. Anayekwenda kufanya kazi na metali na vitendanishi vinavyowaka hewani ana kila sababu ya kuuliza: nani alikufundisha kuhamisha butililithi, na alisimama pembeni yako mara ngapi kabla ya kukuachia? Kwa A mwanafunzi alitaja mtu, hatua, na karatasi ya kusaini. Kwa kundi kubwa la B jibu lilikuwa "unajifunza kwa kuangalia wengine".

Barua pepe kwa C

Ofa ya C ilidai jibu kufikia tarehe 1 Aprili. Kuna azimio la Council of Graduate Schools, umoja wa vyuo vinavyotoa shahada za juu, ambalo vyuo vingi vya Marekani vimelitia saini, linalosema mwanafunzi halazimiki kujibu ofa ya ufadhili kabla ya tarehe 15 Aprili. Mwombaji alithibitisha kwamba jina la chuo lilikuwa kwenye orodha ya waliosaini, kisha akamwandikia mkurugenzi wa masomo ya uzamivu barua fupi. Alishukuru, akasema mada ya profesa inamfaa sana, akaomba mambo mawili: muda hadi tarehe 15 Aprili kwa mujibu wa azimio hilo, na maandishi yanayosema malipo ya kiangazi yatakuwa kiasi gani na kwa miaka mingapi. Hakutaja kiwango cha ofa nyingine, na alifanya vyema. Hakuwa na nia ya kwenda C kwa sababu ya kuongezewa dola elfu moja.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Muda ulikubaliwa. Kuhusu kiangazi, walihakikisha dola 6,000 kwa kiangazi cha kwanza na cha pili, na "wanatarajia" kwa miaka inayofuata. Maneno mawili hayo yasichanganywe: kuhakikisha ni ahadi ya idara, kutarajia ni dua. Kwa miaka miwili ya mwanzo C sasa ilibakiwa na 18,200, yaani 1,517 kwa mwezi, na tatizo la I-20 likapungua sana. Ofa ya C ilipanda kutoka isiyowezekana hadi inayofikirika. Hatari ya mwaka wa nne haikuguswa.

Uamuzi

Tulipendekeza A, na ndiko alikokwenda. Nguvu ya A haikuwa profesa mmoja bora kuliko wa B. Hakuna aliyekuwa na jina la namna hiyo. Ilikuwa kwamba mwombaji angeweza kukosa chaguo lake la kwanza na la pili Desemba, na bado akafanya vichocheo vya metali chini ya mtu mwenye pesa za kumlipa. Kwa B kukosa chaguo la kwanza kungemaanisha kubadilisha fani au kubadilisha chuo.

Jina la chuo lina thamani, hatulikatai. Anayelenga kuwa profesa anaweza kuona hatari ya B inamlipa, hasa akiwa na ufadhili wake mwenyewe, kwa sababu profesa humpokea kwa urahisi zaidi mtu asiyemgharimu. Raia na wakazi wa kudumu wa Marekani wana GRFP, ufadhili wa NSF kwa wanafunzi wa shahada za juu, unaogharimia miaka mitatu. Mwombaji wetu, akiwa wa viza ya F-1, hakuwa na haki ya kuuomba, na hilo lilimwondolea silaha ambayo ingeufungua ule mlango mmoja.

B ilikataliwa wiki ya mwisho ya Machi, mara tu uchambuzi ulipokamilika, kwa barua ya mistari mitatu. Nafasi hiyo huenda kwa mtu aliye kwenye orodha ya akiba, naye anahesabu siku. C ilishikiliwa hadi jibu kuhusu malipo ya kiangazi lilipofika, kisha ikakataliwa kwa barua mbili, moja kwa mkurugenzi na nyingine kwa profesa mwenyewe, ambaye huenda siku moja akawa mhakiki wa makala zake.

Jambo moja lilibaki. Profesa wa kati wa A alimwambia angempokea maabarani tangu Julai na kumlipa kama msaidizi wa utafiti, wiki sita kabla ya wengine kuanza. Mwenye F-1 ya mara ya kwanza haruhusiwi kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza programu iliyoandikwa kwenye I-20, na kazi ya malipo inafungamana na tarehe hiyohiyo. Kwa hiyo aliiandikia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla fomu haijatolewa, akiambatisha barua ya profesa, akaomba tarehe ya kuanza iwe ya Julai.